Helmeti ya Jelle

Hadado,
9 Machi 1998

Ndugu yangu Sakariye,

Assalamu alaikum. Hapa tunashukuru Mungu. Mvua ilizidi mpaka mbuzi wakaoza kwato, ila sasa maziwa yapo. Mwanangu Anab ameota meno mawili na anang'ata kila mtu.

Umeuliza kama ile helmeti uliyomletea mume wangu Jelle kutoka kazini kwako, kwenye mazizi ya farasi Nairobi, inamtosha. Ulipoondoka tu aliivua. Alisema haikai juu ya kilemba, kichwa ni chake, na ajali ni ya Mungu. Wanaume kisimani waliicheka, nami nikacheka nao. Nikaifanya chombo cha kunyweshea vitoto vya mbuzi. Usiniambie kwamba ulituonya. Najua.

Mwezi wa Ramadhani ngamia wetu walipotea. Jelle akapanda farasi wake akawafuata mbio, na farasi akatumbukiza mguu kwenye shimo la ngiri. Jelle alianguka akitanguliza kichwa. Ngamia walirudi wenyewe jioni ileile.

Daktari wa Wajir anasema kifafa kilichomwanza siku ile hakitaisha. Kikimshika, Jelle huanguka na kujigonga kwenye mawe. Kwa hiyo nimeiosha helmeti yako. Kila asubuhi namvisha bila kilemba na kumfunga kamba kidevuni, naye ananitazama kama mgeni aliyepita kuomba maji. Habishi tena.

Ulitaka kujua kama inamtosha. Inamtosha.

Dada yako,
Nasteho