Ufupisho wa Nyumba ya Mama

4 Machi

Mdogo wangu mwalimu,

Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kwamba kushona makochi si kazi ya kukaa. Hatujaandikiana tangu tumzike mama, lakini leo umenilazimisha. Wembe amekuja likizo na karatasi yako: ufupisho, mbili juu ya kumi. Chini, kwa wino mwekundu: "Asiyefikisha tano hasajiliwi kwa mtihani wa mwisho." Binti yangu! Mpwa wako wa pekee! Kakosa nini?

Dada yako

11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi sijambo, ila darasa hili litaniua kabla ya siku zangu. Tangu Januari naimba: ufupisho ni mambo ya mwandishi kwa maneno machache, maoni yako weka mfukoni. Wanaitikia "ndiyo mwalimu", kisha wanamhukumu kila mtu kwenye kifungu kama mahakimu. Kinara wao ni mpwa wangu. Sentensi yake ya kwanza: "Mwandishi huyu ni mwongo na ninamjua." Darasa liliangua kicheko hadi mwalimu wa zamu akaja mbio. Nilimwambia arudie, akagoma. Zungumza naye, usajili unafungwa mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

15 Machi

We mwalimu,

Salamu baadaye. Kabla Wembe hajarudi shule nimemtaka anionyeshe hicho kifungu. Eti "dada mmoja mchoyo alijitwalia nyumba ya marehemu mama yao, akamwacha kaka masikini nje." Kumbe umekitunga wewe! Watoto thelathini na nane wananifupisha mimi! Nimehesabu: "mchoyo" mara mbili, "mjanja" mara moja, "kaka masikini" mara tatu. Hilo ni kochi gani, sponji tupu bila mbao? Unamkataza mtoto kutia maoni, wewe umeyajaza mpaka yanamwagika. Sasa afupishe nini? Akikosa mtihani kwa ugomvi wetu, mimi na wewe basi tena.

Mama Wembe

29 Machi

Dada,

Shikamoo mbili, ya leo na ya siku zote nilizokaa kimya. Mgongo vipi? Jumatatu niliandika kifungu changu chote ubaoni, nikawaambia wafute kila neno la maoni. Walifuta kwa furaha isiyo na adabu. Aliyeshika dasta ni Wembe. Kilichobaki alikifupisha hivi:

"Mama aliugua. Binti yake alihamia kwake, akamuuguza miaka sita. Mwanawe wa kiume alifundisha mbali, akaja mara mbili. Mama alipofariki, binti alibaki katika nyumba. Kaka alidai ufunguo, dada akakataa. Hawasemezani."

Nimempa kumi juu ya kumi na kumsajili leo. Nilitafuta la kuongeza, sikuliona.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba zote mbili. Mgongo ule ule. Ufupisho nimeusoma mara nne. Nilimuuguza mama miaka saba, siyo sita. Mtoto kafupisha alichopewa, kwa hiyo kumi yake asinyang'anywe. Kosa ni la mtunzi.

Ufunguo wa mlango wa mbele nimekuchongea. Siutumi kwa posta, hawa wanapoteza hata vifurushi. Uje uuchukue mwenyewe, na usije Jumamosi, nina makochi ya watu. Njoo Jumapili. Ukichelewa tunakula.

Dada yako