Foleni ya Eksirei na Benchi la Mapokezi

Kawajense, Mpanda

Mume wangu Baba Rehema,

Naanza na mgongo wako: umepungua kuuma, au bado unainua vyuma peke yako? Na Rehema, kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima, ila vumbi tu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa imepoa. Mtandao ulikatika kabla sijakueleza, ndiyo maana naandika.

Hospitali yetu ina seva moja, ile kompyuta kubwa ambayo idara zote zinaitegemea. Kila asubuhi ilikuwa inakwama. Akina mama wa kliniki wamejaa benchi, dada wa mapokezi akiandika jina, kioo kinaganda, na wote wananitazama mimi, fundi wa kompyuta. Nikachunguza, nikakuta picha za eksirei zinakula karibu prosesa yote, yaani nguvu ya seva ya kufanyia kazi. Ni kama pale karakana kwako, ukiwasha mashine ya kuchomelea taa zote zinafifia. Basi nikaiwekea eksirei kiwango, isikivuke mpaka mchana. Foleni ikaanza kutembea. Watu wakanishukuru, nami nikajiona nimeweza.

Haikupita wiki, akaletwa mama mmoja aliyeanguka na bodaboda njia ya Inyonga. Picha zake zikachelewa sana kufika kwa daktari. Mzee Maganga, mtaalamu wa eksirei, akaja mlangoni kwangu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, wale wa kwenye benchi ni wagonjwa, na huyu wangu naye ni mgonjwa. Nani kakuambia ana muda wa kusubiri?"

Niliondoa kiwango palepale, picha zikafika, yule mama akaingizwa chumba cha upasuaji. Mimi nikajifungia chooni nikalia. Wewe ulipiga simu jioni ile.

Kesho yake nilimfuata Mzee Maganga chumbani kwake, nikamwomba anifundishe picha zipi haziwezi kusubiri. Alinivutia kiti. Dada wa mapokezi naye akaja, tukabishana, tukaelewana. Sasa picha ikiwekwa alama ya dharura, seva inaishughulikia kwanza. Mapokezi wana fungu lao dogo la nguvu ya seva, lisiloguswa. Picha za kawaida na ripoti za uhasibu zinangoja watu wapungue. Mpaka leo haijakwama tena. Na yule mama anatembea kwa magongo. Nilipishana naye kliniki, hanijui, nikamwamkia tu.

Sasa nina ombi. Mganga mkuu anataka mkataba wangu ukiisha niajiriwe moja kwa moja. Nimemwambia jibu si langu peke yangu. Huku watu wanajenga, na mafundi wazuri wa mageti ni wachache. Shule iko jirani na ninapokaa. Likizo hii njooni nyie wawili, treni ya Tabora inafika mpaka hapa. Tembea, ongea na watu, uone mwenyewe. Ukisema hapana, nitarudi Moshi bila kinyongo. Lakini natamani useme ndiyo.

Mwamkie mama mkwe wangu, mwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, mdogo wako wa karakana, na mama jirani anayekaa na Rehema mchana, Mungu amzidishie. Rehema mbusu kwenye paji la uso.

Ni mimi mkeo, mwenye hamu ya kuwapokea stesheni,

Mama Rehema