Ngano Iliyoota Kwenye Sinia

Malaba, nyumbani

Okwakol mjukuu wangu,

Mkono ni wa Truphena, maneno ni yangu. Kuku wako wazima. Siku hizi naloweka ngano, naitandaza kwenye sinia, nainyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya sita inakuwa mkeka wa kijani. Nikiinama hapo kuwakatia kuku, malori ya barabarani siyasikii tena. Nakusikia wewe ukicheka nyuma ya nyumba.

Juzi Mama Akwii, jirani yetu, aliona ngano imechipua akadhani ni kimea cha pombe. Akaleta wazee watatu na mirija yao ya kunywea, mmoja wao akaniambia:

"Mama, umefanya vizuri kumpikia Okwakol pombe ya kumaliza matanga. Miaka minne ya kimya inatosha."

"Matanga ya nani? Hiki ni chakula cha kuku! Kanyweni nao!"

Walipoondoka nilirudi kuwakatia kuku ngano yao.

Dereva anayekuletea barua hii anasema alikuona Juba, umenenepa. Ulichofanya huko sikuulizi. Njoo usimame mlangoni mchana kweupe, wote wakuone. Kwanza nitakuchapa, halafu utakula.

Ni mimi nyanya yako, bado nina nguvu za kukushika,
Amongin