Baba wa Tano

Kwa dada yangu mkubwa Sayrakan,

Pokea salamu za mdogo wako Kasymaaly, yule uliyembeba mgongoni mpaka, kama unavyodai, mgongo wako ukapinda. U mzima? Magoti yanakuachia ufike zizini? Ng'ombe wako mweusi amezaa? Mimi ni mzima kama chuma. Juzi nilimpanda farasi mwekundu aliyewaangusha vijana wawili wa jirani yetu Sadyr, akatulia kama mwanakondoo. Kijiji kizima kiliona.

Utaushangaa mwandiko. Miaka minne barua zangu ameziandika mjukuu wangu Begayim, mimi nasema yeye anaandika, na maneno ya adabu anayaongeza mwenyewe. Hii naandika kwa mkono wangu. Nimeanza Jumatatu, leo Alhamisi. Simu huisikii, na haya si mambo ya kupigiwa kelele.

Theluji bado ipo mlimani. Nyumba ni kimya. Toka mwanangu Taalay na mkewe waende Moscow kutafuta kazi tuko wawili tu, mimi na mtoto, na sasa hata hao wawili ni kama mmoja na mmoja.

Unaikumbuka karamu ya Sadyr vuli iliyopita, ambayo hukuja kwa ajili ya magoti. Baada ya nyama, vijana walinizunguka wakasema, Mzee, hebu tutajie baba zako saba, sisi wengine tukifika watatu tunakwama. Nikawaambia asiyewajua baba zake saba ni mtumwa, na nyie ni watumwa mnaokula sana. Walicheka! Nikasimama, nikavaa kofia sawasawa, nikawataja mmoja mmoja, kuanzia baba yetu mzazi, babu, na kupanda juu mpaka wa saba. Kijana wa Sadyr akanichukua video kwa simu, akaitia mtandaoni. Watu elfu nne wamenitazama, dada. Elfu nne! Baba yetu hakuwahi kutazamwa na watu mia.

Majira ya baridi Mwalimu Gulsun, binti anayefundisha hapa shuleni, aliita wazazi wote na mababu wote kwenye kikao cha usalama wa watoto mtandaoni. Alituma mtu mara mbili. Nilimjibu kwamba nimewafukuza mbwa mwitu watatu kwa fimbo moja, kwa hiyo simu haiwezi kunishinda. Sikwenda. Nilikaa nyumbani nikanywa chai.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu anamwandikia Begayim kwenye simu yake. Mtoto ana miaka kumi na miwili. Mtu huyo alijiita binamu yake wa Bishkek, akasema sisi damu moja, na kuthibitisha akaandika majina ya baba zetu wote saba. Begayim akamwamini. Mimi ndiye niliyemfundisha tangu mdogo kwamba anayewataja baba zako saba ni ndugu, mkatie mkate, mfungulie mlango. Akaufungua.

Miezi miwili mtu yule alimuuliza kila siku amekula nini, mwalimu kasema nini, anamkumbuka mama yake kiasi gani. Halafu akaomba picha. Kwanza ya uso, mtoto akatuma. Kisha akaomba picha ambayo mkono wangu hautaiandika. Begayim akakataa. Ndipo binamu akageuka: akamwambia anaijua shule yake, anajua baba na mama hawapo, na asipotuma atakuja mwenyewe. Mtoto akaacha kula. Mimi nikadhani ni meno.

Alikwenda kwa Mwalimu Gulsun. Sio kwangu. Mwalimu akaniita shuleni, kisha akaipeleka simu polisi wilayani, na mtu yule mpaka leo hajulikani ni nani wala yuko wapi. Njiani kurudi nyumbani nilimuuliza Begayim kwa nini hakuniambia mimi, babu yake. Akasema, “Babu, wewe huwa huulizi. Wewe huwa unasimulia.”

Nilikasirika. Nikamwambia mtoto wa kike mwenye akili haongei na watu asiowajua. Nikampigia Taalay nikasema binti yako ametuaibisha, naye akamgombeza kwenye simu mpaka mtoto akaiweka chini ikiwa bado inaongea. Tangu siku hiyo ananimiminia chai bakulini mpaka ukingoni. Unajua maana yake. Mtu tunayemtaka akae tunampa kidogo kidogo, ili tupate sababu ya kummiminia tena. Bakuli likijaa, mgeni anaambiwa kunywa uende zako.

Sasa, dada, ninakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile pale shuleni Mwalimu alinionyesha ujumbe wa kwanza wa mtu yule. Nilisoma majina kwa kidole. Sooronbay, Jantay, Kurman, Esen. La tano limeandikwa Shamen Jasiri. Kidole kikasimama hapo.

Wewe na mimi tunamjua baba yetu wa tano. Ni Tilek, aliyechunga kondoo wa watu mpaka akafa. Hakuna Shamen. Nilimtunga mwenyewe kwenye karamu ya Sadyr, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na mchunga kondoo wa watu hapendezi. Tangu karamu ile hata nyumbani nilimtaja huyohuyo, ndiyo maana mtoto hakushtuka. Kwa hiyo majina yale hayakutoka kwa ndugu yeyote. Yalitoka kwenye mdomo wangu. Na baada ya majina, kwenye video hiyohiyo, nilijisifu pia kwamba nina mjukuu Begayim, wa kwanza darasani, shule ya darajani, na namlea peke yangu. Mtu yule hakuhitaji kutafuta kitu. Nilimpa jina, nyumba na ufunguo. Nililijua hilo palepale nimesimama mbele ya mwalimu, na nikamwachia mtoto lawama siku kumi na moja.

Jana Mwalimu aliita kikao kingine. Nilikwenda, nikakaa mbele. Nilisimama bila kuombwa, nikawataja baba zangu saba, na wa tano nikasema Tilek, mchungaji wa kondoo wa watu. Kisha nikaeleza yote kama nilivyokueleza. Sadyr hakucheka. Video imefutwa. Begayim alikuwa ameketi karibu na dirisha na wenzake, akitazama mikono yake. Jioni nilimpigia Taalay nikamwambia kosa ni langu. Akasema kiangazi atakuja kumchukua.

Baada ya hapo mtoto aliniwekea chai. Ilijaa mpaka ukingoni. Niliinywa yote, sikumwaga tone, nikamrudishia bakuli. Akalijaza tena, nikanywa tena.

Niandikie kila unachokikumbuka juu ya Tilek, hata kidogo, hata kama ni cha aibu. Nataka Begayim aondoke naye, yule wa kweli.

Wasalimie mkwe na watoto, na yule ng'ombe mweusi. Mungu akulindie magoti.

Ni mimi mdogo wako,
Kasymaaly wa Sooronbay