Nimempiga vijembe mkwe mtarajiwa, na watoto wameshavikariri

Shangazi Getruda, shikamoo, niwahi kabla ya Jumamosi maana moyo unanidunda kama ngoma ya lizombe. Mimi ni Aidan, mtunzi wa Lizaboni hapa Songea, kidato cha pili kilinishinda lakini mashairi hayanishindi, hata walimu wenye digrii huja kunisikiliza nikifundisha watoto ngonjera kwenye ukumbi wa parokia. Sasa Jumamosi hii kwenye tamasha la mavuno tunalumbana na kikundi cha Lusewa, na mtunzi wao, mama mmoja anaitwa Imaculata, mwaka jana aliniita mbele ya umati kifaranga kinachojifunza kuwika, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, basi nikatunga jibu, Shangazi, jibu tamu sijawahi kuona:

Redio yao Lusewa, betri zimeisha moto,
Imebaki kukoroma, haishiki hata neno.

Nikawafundisha watoto wangu, sasa wanaliimba bombani, sokoni, kila mahali, nami natembea kifua mbele, mpaka juzi nikamghania Hilda, fundi cherehani wa Majengo ninayetaka kumuoa, nikingoja anisifu, akasimamisha cherehani akasema:

"Aidan, hiyo redio ni mama yangu mzazi."

Nilikaa chini bila kiti! Nikimwimba, nani atanipa binti? Nikilegeza, Mzee Bartolomeo, kiongozi wetu, kasema nisikanyage tena kikundini, na watoto watasema mwalimu kaufyata. Eti nitunge kaubeti kapole kwa siri, nijifanye nimeshindwa? Nipe jibu haraka, ila usinizimie moto, maana beti zenyewe ni kali!

Aidan, Lizaboni

Aidan mwanangu, marahaba. Nimecheka, kisha nikakasirika. Unajisifu ukurasa mzima, na hujawahi kumuuliza binti unayemtaka jina la mama yake?

Hilo la kujifanya umeshindwa lifute kabisa. Imaculata ni mtunzi. Beti legevu atazijua kabla hujafika kituo cha ubeti, na ataona umemdharau kuliko ulipomwita redio. Kosa lako si kumjibu, maana uwanjani alianza yeye. Kosa ni kuacha kijembe kimfikie kupitia midomo ya watoto wa bombani, wakati wewe unataka kukaa sebuleni kwake.

Kwa hiyo panda basi kesho, nenda Lusewa na Hilda. Amkia vizuri, sema wewe ni nani na unamtaka nani. Kisha mghanie ubeti wako uso kwa uso, bila kutetemeka. Akicheka, una ruhusa. Akiumia, omba radhi, rudi utunge mwingine mkali vilevile usiogusa mwili wake wala umri wake, na uwaambie wanafunzi wako kwa nini umeubadilisha. Hilo nalo ni somo, mwalimu.

Jumamosi ghani kwa sauti yote. Na akikuangusha mbele ya umati, inuka umpigie makofi ya nguvu, maana wakati huo Hilda hatakuwa anamtazama mama yake. Atakuwa anakutazama wewe.