Nilimkatalia Raihana Kapu la Likizo

Shangazi Kabagwira mpendwa,

Nimefika mwisho wa akili zangu, nakuomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mama wa watoto, naishi Nyamirambo, nafanya usafi kwenye ofisi za Kacyiru, na jirani yangu wa ukuta mmoja ni Raihana, fundi cherehani, ambaye tumezoeana tangu mabinti zetu wako mgongoni, Shakira wake na Mutoni wangu, waliosoma darasa moja na kukaa dawati moja, na nasema walisoma kwa sababu tangu shule zifunguliwe Mutoni anakwenda peke yake, na mwenye kosa ni mimi ingawa Raihana hajui.

Shangazi, wewe unajua likizo kubwa inavyotutesa sisi wa kipato kidogo. Shule zikiwa wazi mtoto anakula mchana hukohuko, anarudi na nguvu, jioni unampa uji na maisha yanakwenda, lakini ukifika mwezi wa saba ile sahani ya mchana inarudi juu yako wakati mfuko ni uleule, na kiangazi maharage yanapanda bei, watoto wanashinda nyumbani wanakutazama machoni. Kwa hiyo mwaka huu wafanyabiashara wa mtaa wetu walichanga pamoja na kina mama wa msikiti na wa parokia, wakasema familia zisizo na uwezo zenye watoto wa shule zitapata kapu la chakula likizo nzima, mchele, maharage, kawunga ya ugali, mafuta na unga wa uji, na kama desturi yetu ilivyo, majina yakasomwa mbele ya watu wote baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tumekaa kwenye nyasi na majembe yetu, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, anataja jina na wakazi wanasema kama kweli mtu huyo anastahili.

Jina langu lilisomwa, watu wakasema ndiyo, nikashukuru. Kisha mkuu wetu, mzee Habiyaremye, akasema, "Raihana, ule fundi wa nguo. Iko na watoto ya shule. Mnasemaje?" Raihana mwenyewe hakuwepo, alikuwa amepewa ruhusa kumalizia nguo za harusi, na mimi Shangazi nilishtuka, kwa sababu Raihana ninayemjua mimi hata chumvi haombi, ni mtu wa kupiga pasi mpaka kanga ya kuvaa ndani, anashona mapazia ya nyumba ya wageni huko Kiyovu kwa matajiri na sote tunamwita bosi, na aliwahi kuniambia kwa mdomo wake kwamba yeye kupanga foleni ya chakula afadhali ardhi ipasuke. Nikaona wanamvunjia heshima mbele za watu na yeye hayupo kujitetea. Nikasimama. Nikasema, "Huyo mumutoe, mzee. Raihana ni mutu wa kujitegemea, kwake hakuna shida. Mukimupa mutamuaibisha bure." Watu wakatikisa vichwa kukubali kwa sababu mimi ndiye wa karibu naye, nani angebisha, mzee akasema haya, akaita jina linalofuata, na mimi nikakaa chini nimefurahi, Shangazi, nimefurahi kabisa, najiona nimemlinda rafiki yangu.

Kapu langu nililibeba kila lilipotolewa na watoto wangu walikula vizuri.

Sikujua kwamba ile nyumba ya wageni iliacha kumpa kazi, wala kwamba mumewe aliyekwenda upande wa Kongo simu yake haipatikani tena. Katikati ya likizo nikaona Shakira hayupo, nikaambiwa amekwenda Kabuga kumsalimia wifi yake Raihana, yaani mke wa kaka yake, mwenye meza ya matunda sokoni, nikasema sawa, watoto wanatembea likizo. Shule zikafunguliwa Shakira hakurudi. Ndipo Raihana akaja kwangu mchana mmoja, akakaa kwenye mkeka, akaanza kulia bila kunisalimia. Akasema, "Mana yanjye, Mungu wangu, Mama Mutoni, mimi mwenyewe nilienda kwa mzee Habiyaremye. Nilienda na miguu yangu nikamwambia watoto wangu hawana kitu. Nilisikia haya mpaka jasho inatoka. Akaniambia nitapata. Halafu nikasikia mutu alisimama kwenye mkutano akanikatalia. None se, sasa ni nani iko na roho kama hiyo? Nilimukosea nini? Nimepeleka mutoto wangu kwa watu ili ale!"

Shangazi, nilitaka kusema ni mimi. Nikasema, "Watu ni wabaya, dada." Kisha nikalia naye.

Shakira huko Kabuga anauza matunda na kumbeba mtoto wa wifi, na wifi amemwachisha kazi msichana aliyekuwa anamsaidia, sasa Raihana anaona aibu kumdai mtoto kwa mtu aliyemlisha. Tena, kwa kuwa waliokuwepo hawamtajii jina wakiogopa kutugombanisha, ameamua mwenyewe kwamba aliyemkatalia ni Mukarugwiza, jirani anayetuuzia mboga za dodo na nyanya, kwa kuwa waliwahi kugombana kwenye bomba la maji, basi hamsalimii, hanunui kwake, na wengine wasiokuwepo mkutanoni wameanza kumfuata, na Mukarugwiza ananiuliza mimi, eti Mama Mutoni, huyu dada nimemfanya nini.

Na juzi Raihana amemletea Mutoni sweta ya shule ya Shakira. Alisema, "Avae tu asipigwe na baridi, wangu haina kazi nayo." Mutoni anaivaa kila asubuhi. Naifunga vifungo kwa mikono yangu hii.

Nikimwambia Raihana atanichukia maisha yake yote, na sina rafiki mwingine kama yeye. Nisipomwambia siwezi kula. Nimefikiria niwe nampelekea chakula kidogo kidogo, nijifanye kimebaki, mpaka roho yangu itulie. Nifanye nini?

Jirani wa ukuta mmoja, Nyamirambo

Shangazi Kabagwira anajibu:

Jirani,

Pole. Naanza na pole kwa sababu nikianza na yale ninayotaka kukuambia, utalikunja gazeti ufungie maandazi. Naamini ulimpenda Raihana siku ile kwenye nyasi, na naamini hukusimama kwa chuki. Lakini mtoto hayuko shuleni, kwa hiyo nia yako njema tuiweke pembeni kwanza, tutairudia tukiwa na nafasi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali pamoja tu, pale ulipomuuliza Raihana hali yake. Sikupaona. Ukuta mmoja, mama! Unasikia akikohoa, unasikia cherehani ikilia na ikinyamaza, na likizo nzima hukushangaa kwamba imenyamaza? Ulikuwa na rafiki bosi, mpiga pasi, mtu wa Kiyovu, na ukampenda huyo. Huyu mwingine, aliyeishiwa, hukutaka kukutana naye. Rafiki yako alikuwa na haki ya kuwa na shida kama wewe.

Kisha kuna sentensi umeipitisha haraka ukadhani sitaiona. Kapu lako wewe ulilibeba. Hukuona aibu, na hukupaswa kuiona, chakula cha watoto si aibu ya mtu. Sasa niambie, kwa nini kwako lilikuwa kapu la kushukuru, na kwa Raihana likawa la kumvunjia heshima? Sikuulizi ili unijibu. Jijibu mwenyewe ukiwa unapiga deki.

Na aibu uliyotaka kumkinga nayo alikwisha kuimeza. Alikwenda kwa mzee wenu kwa miguu yake, jasho likimtoka, kwa ajili ya wanawe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako yote, na najua linakuuma na wewe, kwa hiyo sitaendelea kulichokonoa.

Haya, kazi. Kile chakula cha "kimebaki" kisahau kabisa. Unataka kumlisha Raihana kwa uongo ili wewe upate usingizi, na yeye akushukuru juu yake! Utakwenda kwake leo hii, mikono mitupu, bila mchele wala mafuta, kwa sababu ukifika na mfuko atalazimika kukukaribisha na kukushukuru kabla hajasikia. Sema, "Aliyesimama ni mimi." Anza na hayo. Usianze na mapenzi yako kwake, usianze na ile kauli yake ya ardhi kupasuka. Akikufukuza, toka. Akikutukana, sikiliza mpaka mwisho. Akinyamaza, na wewe nyamaza, usimjazie chumba maneno.

Ukitoka hapo usirudi nyumbani kujilaza. Nenda kwenye meza ya Mukarugwiza, wakati wateja wapo, useme kwa sauti ileile uliyotumia kwenye mkutano kwamba mama huyu hana kosa na kwamba mwenye kosa ni wewe. Najua utatamani kumnong'oneza. Hapana. Jina lake linachafuka hadharani, utalisafishia hadharani. Kisha umwone mzee Habiyaremye umweleze hivyohivyo.

Kusimama tena mbele ya mkutano kutaja shida za Raihana, hilo usilifanye mpaka umemwuliza. Safari hii muulize. Akisema hapana, ni hapana, na asikusikie ukimbishia.

Sasa Shakira. Likizo imekwisha, sahani ya mchana imerudi shuleni, kwa hiyo sababu iliyompeleka Kabuga haipo tena. Kilichobaki kinachomzuia ni haya ya mama yake mbele ya wifi, na hapo ndipo unapohitajika. Mtapanda basi la Kabuga pamoja. Raihana akikataa kukaa karibu na wewe, kaa kiti cha nyuma, lakini nenda. Mkifika, mshukuru wifi kwanza, na mshukuru vizuri, maana yeye alimlisha mtoto wakati wewe unasema hakuna shida. Kisha mwambie kwamba wewe ndiye uliyesababisha mtoto aondoke kwao, na wewe ndiye uliyekuja kumrudisha. Hivyo wifi akikasirika atakukasirikia wewe, na Raihana hataonekana mtu asiye na shukrani. Huo mzigo ni wako, ubebe. Shuleni mpelekeni mtoto ninyi wenyewe, mkaonane na mwalimu ana kwa ana, msitume salamu kwa Mutoni.

Jioni za nyumba ile bado zitakuwa ngumu mpaka cherehani ipate kazi. Mwulize Raihana kama watoto wanaweza kula pamoja kwako. Ofisi za Kacyiru zimejaa watu wenye suruali za kukunjwa na zipu zilizokufa. Mwulize pia kama angependa umpelekee kazi hizo. Tena nasema mwulize. Ukiona umechoka na neno hilo, ndiyo kwanza tunaanza.

Umesema atakuchukia maisha yake yote. Inawezekana, na siwezi kukudanganya. Atakayemwumiza zaidi si yule aliyesimama mkutanoni, ni yule aliyelia naye kwenye mkeka huku akijua. Huenda urafiki wenu usirudi ulivyokuwa, na hilo utalijutia, na mimi sina dawa yake. Majina yenu hapa nimeyabadilisha, lakini mtaa wenu unajua kusoma, na ukichelewa Raihana atasomewa habari hii na mtu mwingine. Usimfanyie na hilo.

Jambo la mwisho. Kesho asubuhi Mutoni asivae ile sweta. Ifue leo, shona kifungo kama kimelegea, mweleze binti yako kwa nini unamvua, naye atasikia baridi siku chache mpaka umtafutie yake. Ikikauka ikunje, uende nayo Kabuga, umvalishe Shakira wewe mwenyewe hapohapo sokoni.