Mlinzi Alichomoa, Mimi Sikuhifadhi

Mpendwa Mama Hilaria,

Shikamoo. Nakuomba unishike mkono kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana siku hiyo kuna mtu mzima atafukuzwa kazi kwa kosa langu, na mimi ndiye niliyeandika taarifa ya kumfukuzia.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Ipagala hapa Dodoma, na kazi yangu naijua, hilo nalisema bila kujivuna, kampuni yetu inahudumia shule na vituo vya afya mkoa mzima na wateja wakipiga simu wananitaja mimi kwa jina. Kimojawapo ni kituo cha afya kule milima ya Kibakwe, kina swichi, yaani lile sanduku linalounganisha kompyuta za mapokezi, maabara, famasi na chumba cha daktari, na kwa kuwa kwenda kule na kurudi kunachukua siku mbili, mimi naingia kwenye swichi hiyo nikiwa mezani kwangu mjini na kubadilisha ninachotaka.

Sasa Mama, swichi ina kumbukumbu mbili. Ukiiagiza kitu inatii papo hapo, lakini agizo linakaa kwenye kumbukumbu ya kazi, ile inayofutika umeme ukikatika, mpaka uiambie ihifadhi ndipo iandike kwenye kumbukumbu ya kudumu, na ikizimwa ikawaka tena inasoma ile ya kudumu peke yake. Sisi mafundi wa mbali tuna ujanja wetu, unabadilisha kwanza bila kuhifadhi, ili ukikosea ukajifungia nje unampigia mtu aliye jirani na swichi achomoe waya wa umeme na kuchomeka tena, nayo inaamka na mipangilio ya zamani kama vile hukugusa kitu. Mtu wangu wa jirani alikuwa Mzee Methodi, mlinzi wa kituo. Nilimfundisha mwenyewe kwa simu: "Mzee, chomoa waya mweusi wa chini, hesabu mpaka kumi taratibu, chomeka." Mwaka jana alinifanyia hivyo mara mbili, mtandao ukarudi, nikamwambia, "Mzee wangu, wewe ni fundi kabisa," akafurahi mpaka tukizungumza ananiita fundi mwenzangu.

Mwezi wa pili mwaka huu maabara ilihamia jengo jipya, nikapanga upya karibu kila kitu, nikaona kazi inakwenda, nikasema nitahifadhi kesho nikishajiridhisha, kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi saba, na kwa vile kituo kina betri za sola swichi haijui hata umeme unapokatika, nikazoea. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Kila nilipoingia nilikumbuka, na kila mara nilikuwa na haraka.

Jumatatu iliyopita asubuhi mtandao ulikuwa mzito, wauguzi wakawa wanalalamika, Mzee Methodi akasikia, akaingia chumba cha swichi kwa moyo mweupe bila kunipigia, akachomoa, akahesabu, akachomeka. Swichi ikaamka na mipangilio ya mwaka jana. Maabara ikapotea, majibu ya vipimo yakawa hayamfikii daktari, siku moja na nusu wagonjwa wanabeba vikaratasi kutoka jengo hadi jengo, mtoto mmoja akapewa karatasi ya mwenzake na tunamshukuru Mungu muuguzi aligundua kabla ya sindano. Mimi nikapanga upya kila kitu kwa kichwa, nikakosea, nikarudia, mpaka Jumanne saa kumi jioni ikakaa sawa.

Dokta Angelina, mganga mfawidhi, ameandika kwamba mlinzi aliingilia mtambo bila ruhusa na kuufuta. Bosi wangu Joel akaniagiza taarifa ya kiufundi kwa ajili ya kikao cha Alhamisi, nami nimeandika hivi: "Chanzo cha tatizo ni kifaa kuchomolewa kwenye umeme na mtu asiye fundi." Mama, kila neno hapo ni kweli. Pale kituoni hakuna anayejua kwamba swichi ikichomolewa haitakiwi kupoteza mpangilio hata mmoja, najua mimi peke yangu. Mzee mwenyewe hajanitaja kwa mtu. Amenipigia mara moja tu, akaniuliza, "Mwanangu, au safari hii nilihesabu haraka?" Nikamwambia simsikii vizuri, nikakata.

Nikisema ukweli jina langu limekwisha. Je, nikinyamaza halafu nikamtafutia kazi ya ulinzi huku mjini, si itakuwa nimemlipa wema wake? Tafadhali usinitaje.

Fundi, Ipagala

*

Binti yangu, marahaba. Barua yako ni ya mtu anayelijua jibu na anatafuta mtu mzima wa kumwambia asilifuate. Umekosea mlango.

Swichi ninayoijua mimi ni ya taa, kwa hiyo nilimwendea Shamila anayetunza kompyuta za gazeti letu, nikamsomea barua yako. Alisikiliza vizuri mpaka kwenye ile miezi saba, akaweka kikombe chini. "Dakika kumi bila kusevu ni akili, Mama, na mimi hufanya hivyo. Miezi saba? Huyo ameweka kituo kizima roho mkononi."

Kisha akanieleza jambo ambalo wewe uliliruka, nami nadhani uliliruka makusudi. Kifaa kama hicho kinabeba habari za aina mbili. Kuna kinachokiona chenyewe: nani ameunganishwa sasa, njia ipi ina msongamano, kimewaka tangu lini. Hizo zikifutika hakuna wa kulaumiwa, kikiwaka kinaanza kuziona upya ndani ya dakika chache. Halafu kuna ulichokiagiza wewe, kwamba tundu hili ni la maabara na lile ni la famasi. Hicho hakiwezi kukibuni chenyewe, na kikipotea anayeulizwa ni aliyetoa agizo. Mzee alifuta zile za kwanza, ambazo ni kawaida yake kufutika. Hizi za pili hazikuwa zimeandikwa popote, na wa kuziandika ulikuwa wewe.

Pole, mwanangu. Simdharau mtu anayekiri, na najua iliuma kuandika haya. Lakini hilo la "kila neno ni kweli" limenipandisha hasira. Umeokota maneno ya kweli ukayapanga mpaka yakasema uongo. Eti mtu asiye fundi! Alipokuwa anakuokoa kwenye makosa yako alikuwa fundi kabisa.

Na hiyo kazi ya mjini usiitaje tena. Mzee ana kwake Kibakwe, anasalimiwa njiani kwa heshima, unataka umtoe kule akiwa mharibifu wa hospitali ili wewe ubaki unatajwa kwa jina kwenye simu. Huo si wema, hata kidogo.

Sasa nisikilize. Barua yako haisemi kama safari hii umehifadhi, nimeisoma mara mbili nikitafuta. Ingia kwenye hiyo swichi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, uhifadhi. Kisha toa nakala ya mipangilio nje ya kifaa, moja ibaki ofisini kwenu na nyingine mpelekee Dokta Angelina, yenye tarehe, ili siku nyingine kituo kisitegemee kichwa chako. Ile taarifa ichane. Andika mpya, na sentensi yake ya kwanza iwe hii: "Mimi ndiye niliyemfundisha mlinzi kuchomoa, na kwa miezi saba sikuhifadhi mipangilio." Mpe Joel mkononi. Atafoka, mwache afoke. Fundi anayeweza kuonyesha kosa lake lilipo ni wa kushika, na kama Joel halioni hilo, kazi unaijua, utapata kwingine. Mzee Methodi kwa umri wake hapati kwingine.

Mpigie Mzee, umwamkie kama inavyopasa, mwambie alihesabu sawasawa na asiyetimiza ni wewe. Halafu usiishie kwenye simu. Panda basi uende, kesho Alhamisi uwe ndani ya kikao, uyaseme hayo yeye akiwa amekaa pale anasikia, na Dokta Angelina anasikia, na wauguzi waliobeba lawama za vile vikaratasi wanasikia.

Jina lako sikuliandika, kama ulivyoomba, na majina ya watu wengine humu nimeyabadili. Lakini vituo ambamo mlinzi alichomoa swichi wiki ile haviwezi kuwa viwili. Leo ni Jumatano, na gazeti hili linafika kule na basi la mchana. Ukitaka wasikie kwako kwanza, una asubuhi hii tu.